Mama ameambiwa awekewe betri ya moyo: kwa nini safari iwe ya Dar es Salaam?

Swali: Shikamoo Daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Tandahimba. Mama yangu ana miaka 68. Tangu msimu wa korosho uliopita amezirai mara tatu, na mara ya mwisho alikuwa chini ya mkorosho anaokota. Tulimpeleka hospitali, akapimwa ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, tukaambiwa umeme wa moyo wake umekatika, mapigo ni 34 kwa dakika, na anatakiwa kwenda Dar es Salaam kuwekewa betri ya moyo. Kwa nini kazi hii isifanyike katika kila hospitali kubwa, zikiwemo za kwetu Kusini, wakati majengo na mashine mpya tunaziona? Na mdogo wangu yuko kwenye utarajali wa udaktari, anataka kusomea mambo haya ya umeme wa moyo. Itamchukua miaka mingapi, na akirudi huku atakuwa na kazi ya kufanya?

Jibu: Marahaba, Mwalimu, na pole kwa kuuguza. Nianze na mama mwenyewe, kwa sababu mapigo 34 kwa dakika kwa mtu aliyekwisha kuanguka mara tatu si jambo la kungoja mnada wa korosho upite ndipo nauli ipatikane. Rudini hospitali mlikopimiwa na muombe apelekwe kwa rufaa akiwa na muuguzi na mashine ya kuangalia mapigo, asisafirishwe kwa basi kama abiria wengine. Mwonyesheni daktari dawa zote anazotumia, kwa kuwa baadhi ya dawa za presha na za moyo, kama atenolol, propranolol, verapamil na digoksini, zinaweza kupunguza mapigo, na nimewahi kuona mgonjwa aliyeandaliwa kwa betri akapona kwa kubadilishiwa vidonge tu. Msimwachishe dawa wenyewe. Daktari akishajiridhisha kwamba si dawa wala si chumvi za damu zilizovurugika, basi hapo tiba ni betri, yaani kifaa kidogo kinachoupigisha moyo kwa umeme, na haina mbadala wa vidonge.

Nieleze kwa ufupi kilichomtokea. Moyo una kituo kinachozalisha umeme, ndani ya chumba cha juu cha upande wa kulia, na una waya wake wa asili unaoshusha umeme huo kwenye vyumba vya chini ambavyo ndivyo vinavyosukuma damu. Kwa mama, mtambo unazalisha kama kawaida, lakini nguzo ya njiani imeanguka. Kwenye karatasi ya ECG utaona vilima vidogo vya vyumba vya juu vikipita kwa mpangilio wao, tuseme 80 kwa dakika, na vilima virefu vya vyumba vya chini vikipita kwa mpangilio wao mwingine, 34, pasipo hivi kufuatana na vile. Vyumba vya chini vinajipigia vyenyewe kwa kujiokoa, na siku vikichelewa kwa sekunde kadhaa ubongo unakosa damu na mtu anaanguka. Kwa wazee, sababu ya kawaida ni waya huo kuchakaa na kuwa kovu kwa umri. Nasisitiza jambo hili kwa kuwa nimempokea mzee mmoja aliyetibiwa kifafa kwa miaka miwili, dawa zikiongezwa kila alipoanguka, na katika muda wote huo hakuna aliyemshika mkono akahesabu mapigo kwa dakika nzima.

Sasa swali lako la kwanza. Kuweka betri ni kazi ya tundu dogo, mgonjwa akiwa macho, kwa ganzi ya sehemu moja tu chini ya mtulinga. Waya mwembamba unapitishwa kwenye mshipa wa damu hadi ndani ya chumba cha kulia cha chini, ncha yake inanaswa kwenye nyama ya moyo, na betri yenyewe, ambayo ukubwa wake ni kama kifuniko cha saa kubwa ya mkononi, inalazwa kwenye kijifuko chini ya ngozi. Kwa mkono uliozoea ni kazi ya saa moja hivi, na betri hudumu kwa kawaida miaka 8 hadi 12. Kwa maelezo hayo, una haki ya kuuliza kwa nini isifanyike kila mahali.

Ngoja nikuingize kidogo ndani ya chumba cha kazi hiyo. Waya ukishanasa, fundi wa mashine anaanza kupunguza nguvu ya umeme hatua kwa hatua ili kujua kiasi cha chini kabisa kinachoushtua moyo: volti 2, volti 1.5, volti 1, volti 0.5. Watu wote wanatazama skrini. Ghafla anasema, "Amepoteza," na mstari unakuwa bapa, sekunde moja, nyingine, kisha anarudisha nguvu na mapigo yanaendelea. Mgonjwa pengine amehisi kizunguzungu tu. Katika sekunde hizo mbili kila mtu chumbani anatakiwa ajue la kufanya iwapo mapigo hayatarudi: daktari aliyeshika waya, muuguzi aliye karibu na dawa na mashine ya kushtua moyo, fundi aliye kwenye kompyuta. Waya ukichoma ukuta wa moyo, damu inajaa kwenye mfuko wa moyo na kuna dakika chache za kuitoa kwa sindano. Pafu likitobolewa wakati wa kutafuta mshipa, litahitaji mpira kifuani. Kijifuko kikiingia vijidudu, mara nyingi mfumo wote unatakiwa kung'olewa. Matukio haya ni machache, na yanakuwa machache zaidi pale kazi inapofanywa mara kwa mara. Mashine inanunuliwa kwa siku moja, lakini mkono huo unatengenezwa kwa miaka, na ukikaa bila kazi unasahau.

Hivyo ndivyo tiba hii ilivyokua duniani kote, ikianza mahali pamoja na kusambaa polepole nyuma ya watu waliofundishwa. Betri ya kwanza kupandikizwa ndani ya mwili wa mtu iliwekwa tarehe 8 Oktoba 1958 katika Hospitali ya Karolinska, Sweden. Mhandisi Rune Elmqvist aliitengeneza, daktari Åke Senning akaiweka kwa kufungua kifua, na ilifanya kazi kwa saa chache tu. Mgonjwa, Arne Larsson, alibadilishiwa vifaa hadi kufikia 26 katika maisha yake, akaishi mpaka 2001, akafa akiwa na miaka 86. Mwaka 1980, Baltimore nchini Marekani, kikapandikizwa kwa mara ya kwanza kifaa kinachoushtua moyo wenyewe unapoingia kwenye mapigo ya kuua. Mwishoni mwa miaka ya 1980 madaktari wakaanza kuunguza, kwa joto la mawimbi ya redio kupitia mrija unaopita kwenye mshipa wa paja, njia za ziada za umeme zinazowafanya vijana wapigwe na mapigo 200 kwa dakika. Kwa aina nyingi za tatizo hilo la vijana, tiba hiyo inafaulu kwa zaidi ya wagonjwa 9 katika 10, na mtu anaachana na vidonge kabisa.

Mwaka 1998 timu ya Michel Haïssaguerre, Bordeaux, ilionyesha kwamba mapigo ya fujo ya vyumba vya juu mara nyingi yanaanzia kwenye mishipa inayoleta damu kutoka mapafuni, na tangu hapo hospitali za nchi tajiri zimejaza ratiba zao kwa kazi ya kuunguza kuizunguka mishipa hiyo. Miaka ya karibuni joto limeanza kuachia nafasi kwa mipigo mifupi sana ya umeme inayoua chembe za moyo na kuathiri kidogo viungo vya jirani. Marekani iliidhinisha vifaa vya kwanza vya namna hiyo kati ya Desemba 2023 na Januari 2024. Zipo pia betri zisizo na waya, zinazoachwa ndani ya moyo kama kidonge, zilizoidhinishwa Marekani 2016, ambazo kwa bei yake sizioni zikiwa mjadala wetu wa leo. Ninalolitazama kwa matumaini zaidi ni ufundi uliotokea Wenzhou, China, 2017, wa kuchomeka waya wa betri ya kawaida hadi kwenye tawi la kushoto la njia ya asili ya umeme, ili vyumba vyote viwili vya chini vipige pamoja. Unahitaji mkono hodari zaidi, lakini kwa baadhi ya wagonjwa unaokoa gharama ya kifaa cha nyaya tatu kinachofanya kazi hiyohiyo. Nchi isiyo na fedha nyingi inafaidika zaidi na ufundi wa namna hii kuliko na kifaa kipya cha bei mbaya.

Afrika tuko wapi? Utafiti wa madaktari wa moyo wa bara hili, uliochapishwa 2018 na kuhusu miaka ya 2011 hadi 2016, uliona kwamba nchi ya katikati kwenye orodha iliweka betri chini ya 3 kwa kila watu milioni moja kwa mwaka. Ulaya zinahesabiwa kwa mamia. Kuunguza njia za umeme kwa msaada wa ramani ya kompyuta kulikuwa kazi ya nchi chache tu, hasa za kaskazini mwa bara na Afrika Kusini. Chukua sasa hesabu ya kwetu. Sensa ya 2022 iliipa Mtwara watu 1,634,947 na Lindi 1,194,028, jumla watu milioni 2.8. Kwa kiwango kile cha chini ya 3 kwa milioni, mikoa yote miwili ingetoa wagonjwa 7 au 8 kwa mwaka, na hakuna timu inayoweza kubaki na mkono mzuri kwa kazi 8 za mwaka mzima. Kwa kiwango cha mia kadhaa kwa milioni wangekuwa zaidi ya elfu moja. Ukweli wetu uko katikati, kwa sababu watu wetu wengi ni vijana na ugonjwa wa mama ni wa uzeeni zaidi. Ila sina shaka kwamba wale 7 au 8 ni hesabu ya waliogunduliwa. Wasiogunduliwa wamezikwa kwa jina la presha, kifafa au mashetani, na wengine wanaanguka mashambani Newala na Nachingwea wakati tunaandikiana.

Kwa Tanzania, kazi hii imejengwa kuzunguka Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa 2015 katika eneo la Muhimbili. Huko betri zinawekwa, vifaa vya kushtua moyo vinawekwa, na upo mtambo wa kuchora ramani ya umeme wa moyo kwa ajili ya kuunguza njia za ziada. Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma nayo imeingia kwenye kazi ya kuweka betri. Mimi nauona mwelekeo huo kuwa sahihi: betri zisambae kanda kwa kanda, na kuunguza kubaki sehemu moja au mbili mpaka wagonjwa na mabingwa watoshe. Kwetu Kusini kuna sababu nyingine ya kutolikimbilia la pili. Wengi wa wagonjwa wetu wenye mapigo ya fujo ya vyumba vya juu wanayo kwa sababu ya presha isiyotibiwa, au kwa sababu valvu zao, yaani milango ya moyo, ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi utotoni. Hao wanahitaji kwanza dawa ya kuzuia damu kuganda, kipimo chake kifuatiliwe, na valvu itengenezwe. Kuwaunguza bila hayo ni kuziba pakacha.

Lakini kusema kuunguza kubaki Dar es Salaam hakuna maana kwamba mikoa yetu ikae ikisubiri, na hapa ndipo natofautiana na wenzangu wanaoanza mipango kwa orodha ya mashine. Mimi ningeanzia mwisho wa mstari. Mgonjwa aliyekwisha kuwekewa betri anatakiwa akaguliwe kidonda baada ya wiki moja au mbili, kisha betri ipimwe kila baada ya miezi 6 hadi 12. Kupima huko ni kuweka kichwa cha kompyuta juu ya kifua, kusoma nguvu iliyobaki, hali ya waya na mapigo yaliyorekodiwa. Ni dakika 10 au 15. Kwa dakika hizo, mzee wa Newala anasafiri zaidi ya kilomita 550, analala Dar es Salaam kwa ndugu, na mwaka wa pili haendi tena. Kliniki ya betri hapa Mtwara, yenye muuguzi mmoja na fundi mmoja waliofundishwa, ingebadilisha maisha ya watu wengi kwa gharama ndogo. Sharti moja tu: kompyuta ya kampuni moja haisomi betri ya kampuni nyingine, kwa hiyo kliniki iwe na kompyuta za kampuni zote ambazo betri zake zinawekwa nchini.

La pili ni waya wa muda. Mgonjwa kama mama, mapigo yakizidi kushuka, anaweza kushikiliwa kwa waya unaopitishwa shingoni na kuunganishwa na betri ya nje, akakaa salama siku kadhaa mpaka safari iwezekane. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipoleta mvua zilizokata barabara ya kwenda Dar es Salaam maeneo ya Somanga, mtu wa mapigo 34 aliyekuwa upande wetu huu hakuwa na barabara. Kila daktari bingwa wa magonjwa ya ndani wa Kusini anapaswa kuweza kuweka waya huo usiku wa manane. Baada ya hapo ndipo ije betri ya kudumu ya waya mmoja. Hiyo haihitaji chumba kizima cha mabilioni ya shilingi. Inawezekana katika chumba cha upasuaji kilicho safi chenye eksirei ya video, ileile wanayoitumia mabingwa wa mifupa kutazama vyuma. Bingwa akija kwa huduma mkoba kila baada ya wiki kadhaa, akiwakuta wagonjwa watano waliokwisha kuchunguzwa na timu ya wenyeji inayomsaidia mkono kwa mkono, baada ya muda wenyeji watafanya na yeye atatazama.

Nije kwa mdogo wako. Amekwisha kumaliza miaka mitano ya shahada ya udaktari, na sasa yuko kwenye mwaka wa utarajali. Mbele yake kuna shahada ya uzamili ya magonjwa ya ndani, ambayo kwa Muhimbili ni miaka 3, kisha ubingwa bobezi wa moyo, miaka 2. Hapo atakuwa daktari wa moyo anayesoma ECG na eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) na kutibu kwa dawa, na akipata nafasi nzuri atakuwa ameanza kushika waya. Kuweka betri kwa kujitegemea kunahitaji muda wa ziada chini ya msimamizi. PASCAR, chama cha madaktari wa moyo wa Afrika, kimekuwa kikiwafundisha Waafrika kazi hiyo katika Hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, kwa lengo hasa kwamba warudi kwao wakaifanye. Akitaka kuunguza njia za umeme, aongeze mwaka mmoja au miwili katika kituo chenye wagonjwa wengi, iwe Afrika Kusini, Misri au India. Marekani somo hilo lina mtihani wake wa bodi tangu 1992, na mafunzo yake pekee, baada ya ubingwa wa moyo, ni miaka miwili. Kwa jumla, tangu leo hadi kuwa bobezi wa umeme wa moyo, ahesabu miaka 7 hadi 8, ukiacha miaka ya kufanya kazi ambayo mara nyingi inaingia katikati.

Namsihi asiulize jina la chuo kwanza. Aulize: katika mwaka huo nitashika waya mimi mwenyewe mara ngapi? Kuna vituo vyenye vyeti vizuri ambako mwanafunzi anatazama kwa nyuma ya kioo, na kuna vituo visivyo na sifa kubwa ambako anaondoka amefanya kazi 50 na kuona matatizo yote niliyokutajia. Aulize pia nani atakwenda pamoja naye. Bingwa anayerudi peke yake, akakuta muuguzi anayehamishwa wodi kila robo mwaka na hakuna fundi wa vipimo vya moyo, atakaa miezi sita akisoma ECG, kisha atahama, na sitamlaumu. Ufadhili wa masomo unaotolewa kwa daktari mmoja ungetolewa kwa watu watatu wa hospitali moja, daktari, muuguzi na fundi, kwa masharti ya kurudi pamoja. Kazi ataikuta, hesabu ya watu milioni 2.8 nimekupa. Wakati anasubiri nafasi ya uzamili, anaweza kuanza leo kwa kuhakikisha kila mgonjwa anayezirai katika wodi yake anapimwa ECG, na kwamba karatasi hiyo inasomwa siku hiyohiyo.

Kwa safari ya mama, bebeni karatasi yenyewe ya ECG, si barua peke yake, kwa maana mapigo yanaweza kurudi kwa muda na yeye akafika Dar es Salaam akionekana mzima, na karatasi ndiyo ushahidi wa siku ile. Njiani akihisi giza machoni, alazwe chali, miguu iinuliwe. Akishawekewa, msaidieni asiunyanyue mkono wa upande ule juu ya bega kwa wiki nne hadi sita, hivyo korosho za msimu huo ziokotwe na wengine. Atapewa kadi ndogo yenye jina la kampuni, namba ya kifaa, tarehe na aina ya nyaya. Ipigeni picha, mmoja wenu aihifadhi kwenye simu, nakala iwekwe kwenye faili lake hospitalini, na ile halisi atembee nayo kwenye pochi kila aendako, hata sokoni. Bila kadi hiyo, daktari atakayempokea siku ya dharura atapoteza muda kutafuta ni kompyuta ya kampuni gani itakayoisoma betri yake.